Tulivyompeleka Mtu wa Televisheni Mfangano

Tangu nirudi, kila anayeniletea kitambaa ananiuliza swali moja kabla hata sijampima kiuno: "Ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nimebana pini mdomoni. Nimeandika yote hapa. Someaneni kwa sauti, halafu mniache nishone.

Mdogo wangu Awino mnamjua, yule anayefundisha darasa la pili. Charles pia mnamjua, maana mtangazaji wake nilikuwa mimi. Nilisema sokoni, nikasema kanisani, nikasema kwenye foleni ya maji hapa Nyalenda, kwamba Awino amepata mchumba kutoka Nairobi anayefanya kazi ya televisheni. Hiyo televisheni yenyewe ilikuwa imefika Kisumu juzi tu, na wengi wetu tulikuwa tunaitazama Jumamosi kwenye ukumbi, tumebanana kama omena kwenye gunia. Kwa hiyo mlianza kunisalimu kwa heshima mpya, na mimi nikaipokea. Ukweli ni kwamba yule mtu sikumpenda tangu siku ya kwanza. Niliipenda kazi yake.

Baba yetu anakaa kisiwani Mfangano. Alipoandika kwamba tumlete huyo kijana amwone kwa macho kabla watu wa kwao hawajaja kuzungumza habari za ng'ombe, ilibidi niwasindikize. Tukawa watatu.

Kisumu hadi Pap Onditi

Tungepanda meli Kisumu, tukakaa, tukafika. Ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Saa tatu kasorobo Charles alikuwa bado kwa dobi anangoja suruali ipigwe pasi mara ya pili.

"Siwezi kwenda kwa mkwe na mikunjo, shemeji," aliniambia.

Tulifika gatini tukauona mgongo wa meli. Charles aliweka mkoba chini, akatikisa kichwa, akasema meli za siku hizi hazina subira. Karani wa gatini, mtu mwema kuliko tulivyostahili, alituambia meli inapitia Asembo kwanza kupakia mizigo. Tukikimbilia basi la kusini tungeikuta Kendu Bay alasiri.

Ndani ya basi Charles hakukaa. Alisimama katikati, akashika chuma cha juu kwa mkono mmoja, akawatangazia abiria wote mchezo wake. Aliuita Nani Huyu. Yeye anafikiria mtu mmoja kutoka michezo ya televisheni, mtu wa kubuniwa, si mtu wa kweli. Ninyi mnamuuliza maswali kumi, naye anajibu ndiyo au hapana, basi. Mkimtambua, mmeshinda. Mkishindwa, mnamkaribisha chochote mlicho nacho cha kula.

Awino alinigusa kwa kiwiko. "Umeona anavyowachangamsha watu?"

Niliona. Kabla hatujafika Ahero alikuwa amemshinda mama wa mayai, akala mawili. Alikuwa amemfikiria mtu anayeitwa Inspekta Kiroboto. Kabla ya Katito alimshinda mzee mwenye muwa. Huyo alikuwa Mama Toroli. Mimi ambaye sikukosa Jumamosi hata moja ukumbini sikuwahi kumwona Inspekta Kiroboto wala Mama Toroli, lakini nilijisemea labda ni wa zile siku nyingine, za watu wenye televisheni nyumbani. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyojifanya mjinga. Unaona jambo haliendi sawa, unalitafutia sababu kwa niaba ya mwongo.

Pap Onditi

Springi ya nyuma ilikatika tukiingia sokoni. Dereva aliingia chini ya basi, akatoka, akasema nusu saa. Kondakta alituambia pembeni kwamba dereva huyo hajui hesabu za saa. Tulikaa pale karibu saa tatu nzima.

Jua lilikuwa kali na kina mama walikuwa wanauza nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yakitoa mvuke ndani ya karai. Charles alivuta harufu. Nikajua kinachofuata.

"Akina mama," alisema, "ninamfikiria mtu. Niulizeni."

Alieleza sheria zake, lakini aliyaeleza hayo maneno ya televisheni na ya kubuni kwa Kiswahili cha Nairobi, cha haraka, na wale mama walishika lile la mwanzo tu: kuna mtu, na huyu bwana aliyevaa suti anamjua.

"Ni mwanaume?"

"Ndiyo."

"Iko na bibi?"

"Ndiyo."

"Ilimuacha huyo bibi?"

"Ndiyo!" Charles alifurahi, wameanza kuuelewa mchezo.

"Miguu yake ni mbili?"

"Hapana. Mmoja!"

Mama mmoja aliacha kijiko ndani ya karai, akaondoka mbio. Charles alidhani amemkosha. Alinitazama mimi kuona kama ninacheka.

Yule mama alirudi na mwenzake, mwanamke mrefu, mwembamba, mikono imejaa unga hadi viwiko, kitambaa cha kichwa kinamwanguka. Alikuja moja kwa moja mbele ya Charles.

"Iko wapi?"

"Nani, mama?"

"Okumu. Bwana yangu. Wanasema wewe unamjua."

Mama wa nyoyo alinieleza mambo kwa haraka. Okumu alikuwa mwashi, ukuta ukamwangukia, mguu ukakatwa. Alipotoka hospitali alikaa nyumbani miezi michache, siku moja akachukua gongo lake akaenda barabarani, hajaonekana tena. Mvua mbili zimepita.

"Mama, huyo si mume wako," Charles alisema, bado anatabasamu. "Huyo ni Fundi Gongo. Ni mtu wa televisheni."

"Ilienda huko namna gani?"

"Hakwenda. Hayupo. Huyo mtu hayupo kabisa."

Mngeusikia mlio aliotoa yule mwanamke. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akaweka mikono kichwani, akalia kilio cha msiba, na wenzake wakakiitikia. Watu waliacha meza zao wakaja. Ndani ya dakika tatu Okumu alikuwa amekufa Nairobi, na bwana mwenye suti ndiye aliyeleta habari.

Charles alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa basi. Aliyepiga magoti ni Awino. Alimshika yule mama mabega, akamweleza kwa Kijaluo, polepole, kama anavyowaeleza watoto wake wa darasa la pili: kwamba ni mchezo, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba huyu bwana hajawahi kumwona Okumu. Alirudia mara nne. Kilio kilipungua. Yule mama alijifuta uso, unga ukambaki mashavuni, akamtazama Charles.

"Kwa hivyo hujamuona."

"Sijamwona, mama. Pole."

"Basi kwa nini umesema iko na mguu moja?"

Yule mama alisimama mwenyewe, akakataa mkono wa Awino, akarudi kwenye kinu cha kusagia unga.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoikumbuka ninapokanyaga cherehani. Mama wa nyoyo, kwa kuwa sheria ni sheria, alijaza bakuli akampa Charles. Naye akalipokea. Akala lote, amesimama kivulini mwa basi, mkono mmoja ukiishika tai isiingie kwenye maharage.

Kendu Bay

Tulifika Kendu Bay na meli haijafika. Nilimshukuru Mungu, nikaingia hotelini kutafuta samaki. Mwenye hoteli alisema samaki wapo. Tulipokaa alisema wapo ziwani. Tulikula ugali na mboga.

Meza ya pili alikaa mama mmoja Mwislamu wa pale pale mjini, mnene, buibui amelishusha mabegani kwa sababu ya joto, na miguu ameiweka juu ya furushi la mikeka. Jina lake Mama Zaituni. Alikuwa anakwenda Homa Bay kwa binti yake aliyejifungua. Alituuliza tunatoka wapi, tunakwenda wapi, tunakwenda kufanya nini, na Awino ni binti wa nani, yote kabla chai yake haijapoa. Nilipomwambia kwamba Charles anafanya kazi ya televisheni, nilimwambia kwa sauti ile ile mliyoizoea. Ulimi ulikuwa umezoea njia.

"Mashallah," alisema. "Mimi mwaka mzima nimekaa Pangani kwa mwanangu. Ana televisheni. Nilikuwa naitazama mpaka wimbo wa taifa upigwe, niizime mimi mwenyewe. Wewe uko upande gani huko, baba? Nitakuwa nimeona kazi yako."

Charles alisema meli ile inakuja. Kweli ilikuwa inakuja, lakini ilikuwa bado ndogo kama kiberiti.

Melini

Daraja la tatu lilikuwa limejaa magunia, kuku, baiskeli na watu waliokaa juu ya vyote hivyo. Upepo ulikuwa mzuri na jua bado lilikuwa juu. Watu waliotoka Asembo walikuwa wamechoka kutazamana, wakataka kitu. Charles angekuwa na akili angelala. Lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa na sinia la samaki, mbuta wa kukaanga, na Charles alishindwa kujizuia.

"Ninamfikiria mtu," alisema.

Waliuliza maswali yao kumi. Mama Zaituni aliuliza sita peke yake, kwa makini, macho ameyafumba. Mwisho Charles akatangaza: "Ni Karani Buluu!" Akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Ngoja kwanza," Mama Zaituni alisema. "Karani Buluu ni wa mchezo gani?"

"Mchezo wa Jumatano, mama."

"Jumatano ni mieleka na kwaya. Hakuna mchezo."

"Ni wa zamani kidogo."

"Zamani ipi? Televisheni yenyewe ina umri wa mtoto." Hakuwa na hasira, alitaka kuelewa. "Haya, basi tubadilishane. Mimi nafikiria, wewe uniulize."

Watu walisogea. Charles alilegeza tai. Aliuliza kama ni mwanamume. Ndiyo. Kama ni tajiri. Hapana. Anafanya kazi nyumbani mwa watu? Ndiyo, na hapo nusu ya watu walikuwa wameshacheka, kwa sababu walishajua. Anapika? Ndiyo! Jamani, hata mimi niliyetazama kutoka nyuma ya vichwa vya watu nilimjua: ni Mpishi Kidole, yule wa Jumamosi anayetumbukiza kidole kwenye kila sufuria na kuungua kila wiki. Watoto wa Kisumu nzima wanamwigiza. Mwalimu wa mbuta alinyoosha kidole chake, akakipuliza, kumsaidia Charles. Mama mmoja akajifanya anaungua. Meli nzima ilikuwa inampulizia Charles vidole.

Yeye alitazama vidole vile vyote kama mtu anayesomewa barua kwa lugha ngeni.

"Ni daktari?" aliuliza.

Walicheka mpaka kuku wakashtuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mdogo wangu. Awino alisimama kutoka kwenye gunia, akasogea mpaka akawa mbele ya Charles, na watu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Charles," alisema, "nina swali moja. Jibu ndiyo au hapana. Umewahi kutazama televisheni?"

Alitazama maji. Alinitazama mimi, sijui alitaka nimsaidie na nini.

"Hapana," alisema.

"Na kazi?"

"Kazi ni ya televisheni, sikudanganya. Nafanya kwa Mhindi mmoja, barabara ya viwandani. Tunatengeneza sanduku lake. Lile la mbao, lenye vilango viwili. Mimi napiga msasa na vanishi. Yakishakauka yanachukuliwa, kioo chenyewe kinatiwa kwingine." Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Wale watu nawawaza mwenyewe nikipiga msasa. Inspekta na wengine. Siku ni ndefu."

Mama Zaituni alisema, "Masikini," akageuka upande wa pili. Mwalimu alilifunika sinia lake.

Nikawa nimepata kile nilichokuwa nakitaka tangu Kisumu, nafasi ya kusema. Nilisema yote. Nikamwambia Homa Bay ina gati nzuri na barabara ya kurudi, na mkoba wake si mzito. Alikuwa ameshauinua. Awino ndiye aliyemzuia.

"Hashuki," alisema. "Atafika, amwambie Baba kwa mdomo wake."

Mfangano

Kisiwani tulifika asubuhi, na nusu ya ukoo ilikuwa ufukweni kumpokea mtu wa televisheni. Shangazi yetu alikuwa amechana nywele. Mzee mmoja alitaka kujua kama amekuja na mashine yenyewe au itafuata. Hayo yote yalitoka kwenye barua zangu, kwa hiyo nilipita katikati yao nikitazama mchanga.

Charles alisema mwenyewe, namkubalia hilo. Alikaa mbele ya Baba kwenye kigoda, mikono magotini, akasema yeye ni fundi wa mbao, hata si fundi kamili, mpiga msasa, na kwamba alituacha tuamini vingine. Nilingoja Baba angurume. Baba ni mtu aliyewahi kumfukuza mchumba wangu wa kwanza kwa sababu ya viatu.

Baba aliuliza, "Unajua mlango?"

"Najua, Mzee."

Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa umekwama tangu mama yetu afariki. Watu walikuwa wanaingilia nyuma. Charles alivua koti, akaazima randa na msumeno, akakaa na ule mlango mpaka saa sita mchana. Suruali iliyotukosesha meli ilijaa vumbi la mbao, asiitazame. Alipourudisha bawabani ulifunguka kwa kidole kimoja. Baba aliufungua, akaufunga, akaufungua, akaita majirani waje waufungue. Wakati wa chakula walikuwa wanacheka pamoja, na Charles alikuwa anamsimulia mambo ya Inspekta Kiroboto. Baba aliyapenda mno. Hata mimi, nitasema ukweli, kuku alipoletwa nilikuwa nimeanza kupanga nitakavyowaeleza ninyi: fundi ana maana kuliko mtu wa maneno, kazi ya mikono, na kadhalika. Nilishaanza kuishona habari upya.

Baba alinawa mikono akasema, "Huyu nimemwona. Watu wa kwao waje."

Shangazi alipiga vigelegele. Awino alingoja vikaisha.

"Baba," alisema, "mimi simtaki."

Baba aliuliza, taratibu, kama ni kwa ajili ya kazi.

"Si kazi. Babu alikuwa fundi wa mbao, ningeona aibu gani? Ni miezi saba, Baba. Miezi saba tunatembea, tunaandikiana, na kila siku angeweza kuniambia. Aliniambia jana kwa kuwa nilimuuliza mbele ya watu na hakuwa na pa kwenda. Tukiwa wawili tu nyumbani, atakuwa na pa kwenda siku zote." Akamgeukia Charles. "Na yule mama wa Pap Onditi ulimtazama akilia, ukala."

Charles hakujitetea. Alisema, "Nilikula," kama anayekiri kwa padri.

Baba alitazama mlango wake mpya, akamtazama binti yake, nikaona jinsi alivyoupenda ule mlango. Kisha akasema, "Umemsikia, kijana."

Kurudi

Meli ni moja tu. Kwa hiyo tulirudi naye. Alikaa upande wa mizigo na sisi upande wa pili, na kati yetu palikuwa na mbuzi watano. Hakuna mtu aliyecheza chochote. Karibu na Homa Bay alinijia, amevua tai, akaniomba nimwombee kwa mdogo wangu. Alisema ninajua kuzungumza na watu.

Nilitafuta neno la kumkata. Njia nzima ya kwenda maneno sikuyakosa. Lakini nilikumbuka foleni ya maji, nikakumbuka barua zangu kwa Baba, nikakumbuka nilivyomtangazia Mama Zaituni bila hata kuulizwa. Yeye alimdanganya mtu mmoja. Mimi nilidanganya mtaa mzima kwa habari ambayo sikujisumbua kuihakiki, kwa sababu ilinipendeza. Nilimwambia tu kwamba sitasema kitu. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwa mbuzi wake. Alishuka Kendu Bay, sijui kwa nini pale.

Awino hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, tukikaribia mji, kama ni kweli leo ni Jumatatu. Nikamwambia ni kweli. Meli ilipogusa gati Kisumu alikuwa mtu wa kwanza kushuka, viatu mkononi, akakata kupitia reli kuelekea shuleni. Mimi nilibaki na mikoba miwili na kikapu cha Baba. Nilipofika kwenye uzio wa shule, kengele ilikuwa imeshalia, na kupitia dirishani nilimsikia anawaita watoto wa darasa lake kwa majina, moja baada ya jingine, sauti yake kavu, bila kuruka hata mmoja.